Maua ya kutambaa kwa nyumba za Dodoma: chagua kwa macho ya Septemba, usichague kwa macho ya Februari

Kivuli cha Mwarobaini (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kazi yangu ni bustani za majumbani hapa Dodoma mjini. Swali ninalokutana nalo kila mtaa, iwe Kisasa, Ilazo, Nkuhungu au Iyumbu, ni hilohilo: nipande nini kitakachotambaa kifunike uwanja, kitoe maua, na kisinimalizie maji? Nimeona nifungue uzi nieleze kwa kirefu, wenye uzoefu wao waongezee.

Niseme mapema ninachokiamini. Kwa Dodoma, ua la kutambaa linachaguliwa kwa kuliangalia mwezi wa tisa. Februari kila mmea unapendeza. Mvua imenyesha, kitalu kizima ni kijani, unapenda, unapakia kwenye bajaji unaondoka. Lakini mvua yetu ni kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na karibu yote inashuka kati ya Desemba na Aprili. Baada ya hapo ni ukavu mtupu: Juni na Julai baridi ya usiku, Agosti na Septemba upepo wa vumbi, Oktoba na Novemba jua linalochoma kuliko miezi yote. Ua lililozoea unyevu wa Bukoba litakunywa maji ya tenki lako na bado litakauka pembeni.

Kwa hiyo kabla hujanunua chochote, zunguka mtaani kwako Septemba. Tazama nyumba zisizo na kisima. Ukiona ua bado limechanua pale, bisha hodi, salimia, omba vipandikizi. Sijawahi kuona mama wa Dodoma akimnyima jirani tawi la ua.

Kuna watakaosema, kwa nini usumbuke, si ufagie uwanja ubaki msafi? Naheshimu uwanja uliofagiliwa, wengi tumelelewa hivyo. Ila udongo wetu ukifagiliwa kila asubuhi mwaka mzima, tabaka la juu linaondoka na ufagio na upepo, kisha mvua ya kwanza ya Desemba inakuja kwa kishindo na kuchukua kilichobaki. Tazameni misingi ya nyumba za miteremkoni ilivyoanza kuonekana zege. Mkoa huu unalijua jambo hili vizuri. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianzishwa mwaka 1973 kwa sababu ya makorongo, na mwaka 1979 mifugo ilihamishwa kwenye eneo lililoharibika la Kondoa ili ardhi ipate kufunikwa tena na majani. Kiwanja chako cha mita 20 kwa 30 kina tatizo hilohilo kwa kipimo kidogo.

---

Dada wa Kisasa

Asante mkuu kwa uzi. Taja majina basi. Mbele ya nyumba yangu ni jua kuanzia asubuhi hadi jioni, maji ni ya mgao, na nina watoto wawili wanaocheza hapo hapo.

---

Kivuli cha Mwarobaini

Karibu dada. Kwa jua la kutwa na maji ya mgao, namba moja kwangu ni potulaka. Ni ile yenye majani membamba manene, mviringo kama sindano nene, na maua mekundu, ya njano, ya chungwa, ya waridi na meupe. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Jani lile ndilo tenki lake: ukilibana kati ya vidole linatoa maji. Ua moja linaishi siku moja tu, linafunguka jua likishika na kujifunga alasiri, lakini kesho yake mengine yamefunguka, na asubuhi utakuta nyuki wamejaa. Mawingu yakitanda siku nzima halifunguki vizuri, na kivulini halichanui kabisa. Kwa hiyo mwenye miti mikubwa mbele ya nyumba asihangaike nalo.

Kasoro yake ipo. Baada ya miezi kadhaa shina la katikati linabaki tupu, maua yanakwenda kwenye ncha tu. Usilivumilie likiwa hivyo. Kata ncha, ziingize upya kwenye udongo, ng'oa zilizozeeka. Anayefanya hivi kila mwanzo wa mvua ana zulia jipya kila mwaka bila kununua mche.

Ya pili ni aptenia, ya Afrika Kusini, yenye majani yanayong'aa yenye umbo la moyo na maua madogo mekundu ya waridi. Hii inafunika haraka kuliko potulaka na inashuka vizuri kwenye kingo za ukuta. Ya tatu gazania, nayo ni ya Afrika Kusini, maua makubwa ya njano na chungwa yenye mistari. Inapenda udongo unaopitisha maji. Ukiinyweshea kila siku inaoza shingo, yaani pale shina linapotokea ardhini.

Kwa watoto: hakuna ua la kutambaa linalostahimili kukanyagwa na mpira kila jioni. Waachie watoto kipande cha ukoka, maua yazunguke pembeni. Utaokoa maua na utaokoa sauti yako.

---

Fundi wa Mageti

Mbona hujataja wedelia? Ile ya maua ya njano imejaa kila ofisi na kila mzunguko wa barabara. Nimeipanda Area D, miezi mitatu ukuta mzima umefunikwa. Kwangu hiyo ndiyo mfalme.

---

Kivuli cha Mwarobaini

Kaka, sijaitaja kwa makusudi, na hapa nitaongea kwa uchungu kidogo.

Wedelia inafunika, sikatai. Lakini kila pingili inayogusa ardhi inatoa mizizi. Unakata, unatupa kwenye korongo nyuma ya nyumba, mvua inakuja, inaota korongoni, mwaka unaofuata imeshuka hadi kwenye shamba la mtu. Asili yake ni Amerika ya Kati na visiwa vya Karibi, na imo kwenye orodha ya kimataifa ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani. Lantana ile ya kichaka, *Lantana camara*, yenye miiba na maua ya njano na waridi pamoja, nayo imo kwenye orodha hiyohiyo, na inawadhuru ng'ombe na mbuzi wakiila. Mji wetu umezungukwa na wafugaji. Ukipanda ua linaloruka uzio, umempandia na jirani ambaye hakukuomba.

Halafu angalia wedelia yako Oktoba ukiacha kumwagilia. Inabaki mashina ya kahawia. Hizo unazoziona za kijani barabarani zinapata maji ya boza.

Kama unataka lantana, iko ya kutambaa, *Lantana montevidensis*, ya maua ya zambarau. Hiyo inalala chini, haina miiba, vipepeo wanaipenda, na mizizi yake ikishashika inavumilia kiangazi chetu kwa maji kidogo sana. Hata hiyo usiwakatie mbuzi. Ukifika kitaluni usiseme "lantana" ukanyamaza. Sema ya zambarau ya kutambaa, na uishike shina kwa mkono kuhakikisha haina miiba.

---

Fundi wa Mageti

Nimekuelewa mkuu. Ya kwangu iko ndani ya ukuta, lakini masalia kweli huwa tunatupa nje. Nitayakausha juani juu ya zege kwanza hadi yafe kabisa.

---

Chipukizi wa Kongwa

Naomba kuuliza kuhusu karanga za mapambo, wanaita arakisi. Nimeziona Arusha, zulia la kijani na maua ya njano, sikuamini. Kongwa tunalima karanga, si zitakubali?

---

Kivuli cha Mwarobaini

Swali zuri, na wengi wanateleza hapo. Arakisi pinto ni ndugu wa karanga, ndiyo, na inarutubisha udongo kwa naitrojeni kama ndugu zake. Ila kwao ni Brazili, na inapenda mvua ya zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka. Miteremko ya Meru huko Arusha inaipata, sisi tunapata karibu nusu yake. Karanga ya shambani inamaliza maisha yake ndani ya msimu wa mvua, haiulizwi habari za Septemba. Hii ya mapambo unataka ikae mwaka mzima. Ukiwa na maji ya kuoga na kufulia yasiyo na sabuni kali, panda kipande kidogo karibu na bafu, upande wenye kivuli cha mchana. Uwanja mzima, hapana.

Na wewe wa Kongwa una somo la udongo karibu na nyumbani. Mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza hapo mwaka 1947 ulikumbana na vikwazo vingi, na kimojawapo ni ardhi ile ambayo kiangazi inakuwa ngumu hadi inakula majembe ya matrekta. Mwaka 1951 ulifutwa. Udongo wa namna hiyo upo hata mjini: juu kichanga chekundu laini, chini kidogo tabaka gumu ambalo maji hayapiti.

Kwa hiyo naingia kwenye maandalizi. Mtu ananunua miche mizuri, anachimba vishimo vya ukubwa wa kikombe kwenye ardhi ngumu, anapanda, anashangaa mimea imedumaa. Chimba shimo la majaribio la kina cha sentimita 30, lijaze maji, liache liishe, lijaze tena. Kama kesho yake bado kuna maji, una tabaka gumu. Chukua sururu ulivunje eneo lote, siyo kwenye vishimo tu. Kisha mwaga samadi iliyooza vizuri, ndoo moja ya lita 20 kwa kila mita ya mraba, ambayo ni tabaka la sentimita mbili, ichanganye na udongo wa juu. Samadi ya zizini hapa haina shida kupatikana, lakini iwe ile nyeusi isiyonuka, inayomeguka mkononi. Mbichi inaunguza mizizi na inakuletea mbegu za magugu ya kila malisho ng'ombe alikopita. Potulaka na gazania zipe nusu ya kipimo hicho, zikishiba sana zinatoa majani tu.

Sasa ndago, lile gugu lenye viazi vidogo ardhini. Ukipanda maua juu ya ndago umepoteza msimu, maana huwezi kuipalilia katikati ya mimea inayotambaa. Andaa tuta mapema, limwagilie au subiri mvua ya kwanza, iache ndago ichipue. Chimba kila chipukizi na kiazi chake, usikate juu. Kile kiazi cheusi kikibaki kinarudi. Subiri ichipue tena, chimba tena. Panda ukiona imechoka. Najua mvua ikishaanza mkono unawasha kupanda, lakini wiki mbili tatu za kusubiri hapo zitakupunguzia miaka ya kuinama.

---

Mpangaji Nzuguni

Mkuu nina mambo mawili. Kwanza, kisima chetu maji yake yana chumvi, ukimwagia maua siku chache udongo unaota weupe juu. Pili, mwenye nyumba anasema maua ya kutambaa yanaleta nyoka, hataki.

---

Kivuli cha Mwarobaini

La chumvi kwanza. Weupe ule ni chumvi inayobaki maji yakikauka. Ukinyunyizia kidogo kidogo kila jioni, maji hayashuki, yanakauka juu na kuacha chumvi pale pale kwenye mizizi. Mwagilia kwa nadra lakini kwa wingi, ili maji yashuke na kuisukuma chumvi chini. Usimwagie majani, mwagia udongo. Potulaka, aptenia na gazania zinastahimili chumvi kuliko mengi. Na mvua zikianza, acha maji ya bati yapite kwenye bustani, yanasafisha udongo bure. Bati la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 20 linashusha karibu lita 2,000. Inauma kuona maji yote hayo yanakimbilia barabarani wakati Septemba tunanunua kwa dumu.

La nyoka mwenye nyumba ana hoja, usimbishie kwa ukali. Nyoka anafuata mahali pa kujificha, na anafuata panya na vyura. Lantana iliyoachwa ikafika magotini ni maficho. Potulaka ya kimo cha kiganja haimfichi vizuri. Mpendekezee hivi: ukanda wa mita moja kutoka ukutani ubaki kokoto tupu, hakuna mmea wa kugusa ukuta. Karibu na mlango na njia yawe maua ya chini kabisa, marefu yakae mbali kwenye uzio na yapunguzwe. Ukanda ule wa kokoto unasaidia pia kuona njia za mchwa zikianza kupanda ukuta, na msingi wa nyumba haulowi. Mwenye nyumba akisikia habari ya mchwa na msingi atakuelewa haraka.

---

Bibi wa Hombolo

Wanangu nimesoma yote. Mimi chini ya mwarobaini hapaoti kitu, hata nyasi. Na nilikuwa naweka mabua ya mahindi kutunza unyevu, mchwa wanamaliza.

---

Kivuli cha Mwarobaini

Shikamoo bibi. Chini ya mwarobaini pana shida mbili kwa pamoja, kivuli na mizizi inayonyang'anya maji. Jaribu tredeskantia ya zambarau, ile ambayo shina na jani vyote ni zambarau iliyokolea, na vijiua vyake vidogo vya waridi. Kwao ni Meksiko. Kwenye jua inakoza rangi, kivulini inafifia kidogo lakini inaishi. Vunja tawi, chomeka, linashika. Utomvu wake unawasha ngozi za baadhi ya watu, kwa hiyo nawa mikono baadaye. Usilime kwa jembe kukata mizizi ya mti, chimba vishimo kati ya mizizi na ujaze udongo wenye samadi.

Kwa matandazo, bibi, mchwa wanapenda mabua kwa kuwa ni makavu na manene. Tumia maganda ya karanga, tabaka jembamba la vidole viwili, na usiyasogeze hadi kwenye shina la mmea. Mchwa watakula kiasi, lakini yanaongezwa kirahisi, huku kwetu karanga zinabanguliwa kila mtaa. Kwa potulaka na gazania kokoto ndogo zinafaa zaidi, hazishiki unyevu shingoni mwa mmea.

---

Dada wa Kisasa

Nimerudi. Vipi vinka, yale maua meupe na waridi ambayo hayafi hata makaburini?

---

Kivuli cha Mwarobaini

Yale ni ya kisiwa cha Madagaska, na ni kweli ni magumu. Hayatambai, yanasimama, ila ukiyapanda karibu karibu, sentimita 25 hivi, na kukata ncha yakiwa madogo, yanafunika. Yanajipanda yenyewe kwa mbegu. Angalizo kwa mwenye watoto: mmea mzima ni sumu ukiliwa. Ndimo zinamotoka dawa za saratani, vinkristini na vinblastini, hospitali zinazitumia kwa dozi zinazopangwa na madaktari. Kuna watu wanachemsha majani nyumbani kwa ajili ya sukari. Naomba kwa dhati, msifanye hivyo.

---

Dada wa Kisasa

Asante, nitayaweka nje ya uzio. Sasa nipigie hesabu. Eneo langu ni mita za mraba 40. Miche mingapi, maji kiasi gani, na nianze lini?

---

Kivuli cha Mwarobaini

Usianze na 40 zote. Anza na 10 mwaka huu, karibu na mlango ambako macho yako yanapita kila siku.

Ukipanda potulaka kwa nafasi ya sentimita 25, mita moja ya mraba inachukua 16, kwa hiyo 160. Wingi huo usikutishe, ni vipandikizi, siyo miche ya kununua. Kichaka kimoja kilichoshiba cha jirani kinatoa rundo zima. Kata ncha za urefu wa kidole, asubuhi, toa majani ya nusu ya chini, ziache kivulini hadi jioni kidonda kikauke, ndipo uchomeke. Ukichomeka zikiwa mbichi kwenye udongo uliolowa nyingine zinaoza. Aptenia inatosha sentimita 40, lantana ya kutambaa 70 au zaidi, itaonekana tupu miezi ya kwanza, vumilia. Hayo matupu ya katikati ndiyo ya kupalilia kwa bidii.

Panda mvua zikishatulia, nusu ya pili ya Desemba au Januari mwanzoni. Mara nyingi Februari mvua inakatika kwa wiki kadhaa, hapo uwe tayari kuchukua ndoo, maana mizizi bado iko juu. Ukichelewa hadi Machi, mmea unaingia kiangazi haujajijenga.

Maji: kiangazi, potulaka iliyoshika inatosheka na lita 10 kwa mita ya mraba kwa wiki. Kwa mita 10 ni lita 100, madumu matano ya lita 20. Mwaka utakaofikia mita 40 zote ni madumu 20 kwa wiki. Pasipalamu, yale majani ya kupanda uwanjani, ya ukubwa huo ukitaka ibaki kijani Oktoba itataka mara mbili au tatu ya hapo. Lantana ikishatimiza mwaka unaweza kuipa kila baada ya wiki mbili. Mwagilia jioni jua likishazama, au alfajiri kabla upepo haujaanza.

---

Chipukizi wa Kongwa

La mwisho mkuu. Kuna ua la njano linaota lenyewe kiwanjani, linalala chini kabisa, halitaki maji. Nikiliacha?

---

Kivuli cha Mwarobaini

Lina vijani vidogo vidogo vilivyopangana pande mbili, na ua la petali tano? Hiyo ni mbigili. Inapendeza wiki chache, halafu kila ua linageuka tunda la miiba linalopasua tairi la baiskeli na kupenya ndala. Ing'oe sasa hivi ikiwa bado na maua, kabla matunda hayajakomaa, shika pale kwenye mzizi wa katikati, mmea wote unatoka pamoja. Iliyokwisha kukomaa usiiburute uwanjani, iweke kwenye ndoo kwanza ukaichome, maana ukiiburuta miiba inabaki njiani. Na eneo hilo lenye mbigili nyingi lina jua la kutosha na udongo unaopitisha maji. Panda gazania hapohapo.